Mzinga Gani kwa Mfugaji Anayeanza? Somo la Guangzhou kwa Nyuki Wetu

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaijua Liuhua kwa nguo. Mtaa huo uko jirani na kituo kikongwe cha reli cha Guangzhou, China, na kwa zaidi ya miaka 30 ndiko yalikofanyika Maonesho ya Canton: yalianza mwaka 1957, yakahamia Barabara ya Liuhua mwaka 1974, na kufikia 2008 yakawa yamehamia yote Pazhou. Maonesho yaliondoka, masoko ya jumla yakabaki. Anayetoka Kariakoo au Eastleigh hufika huko akiwa na orodha ya mahitaji ya duka lake, na pembeni ya orodha hiyo vitu alivyoagizwa na ndugu na jamaa. Siku hizi wastaafu, vikundi vya akina mama na vijana waliorudi shambani wanageukia nyuki, na si ajabu mizinga nayo ikaingia kwenye maagizo hayo. China ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa asali. Kwa nini basi mtu asinunue mizinga hukohuko, akaipakia kwenye kontena na kuishusha Dar es Salaam au Mombasa?

Kabla ya kulipa, inafaa kutazama wafugaji wa jiji hilohilo walichofanya. Kaskazini-mashariki mwa Guangzhou iko wilaya ya Conghua, inayosifika kwa matunda ya lichi, jamaa wa shokishoki wetu. Wafugaji wa huko walikabiliwa na swali linalomkabili mfugaji mpya wa Singida, Kitui au Pemba: sanduku lipi liwekwe juu ya chanja? Jibu lao lilianza kwa nyuki. Naamini hapo ndipo kila anayeanza anapaswa kuanzia, na kwamba sehemu kubwa ya mizinga inayokaa mitupu mashambani kwetu ilinunuliwa na watu walioanzia kwenye sanduku.

Conghua walivyochagua

China ina nyuki wa asali wa aina mbili wanaofugwa kwa wingi. Mmoja ni Apis cerana, mwenyeji wa Asia tangu zamani, mwenye umbo dogo. Wa pili ni Apis mellifera wa Ulaya, hasa yule wa Kiitaliano, aliyeingizwa China mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na mizinga ya fremu. Mgeni huyo alistawi sana kaskazini, kwenye mashamba mapana yanayochanua kwa wakati mmoja. Guangdong, jimbo ambalo Guangzhou ni mji wake mkuu, ni nchi ya vilima, joto na unyevu. Malichi na malongani huchanua majira ya kuchipua, na miti ya porini huchanua hata katikati ya baridi, lakini maua yake yametawanyika milimani. Huko mwenyeji hakushindwa, na hadi leo ndiye anayefugwa zaidi.

Nyuki huyo ana tabia ambazo mrina asali wa Tabora angezitambua mara moja. Akisumbuliwa mara kwa mara, akikosa chakula au akishambuliwa na nondo wa nta, anahama kundi zima na kuacha mzinga mtupu. Kundi lake halifikii ukubwa wa kundi la Kiitaliano, na masega yake yamekaribiana zaidi: kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine ni takriban milimita 32, ilhali nyuki wa Ulaya huachiwa milimita 35.

Wafugaji wa Conghua hawakuukataa ujuzi wa kigeni. Walichukua wazo la fremu inayoweza kutolewa, kukaguliwa na kurudishwa, kisha wakaunda sanduku lenye fremu fupi kuliko za Langstroth, ule mzinga wa kigeni wa fremu, linaloenea kundi la nyuki wao. Mzinga huo unajulikana China kwa jina la Conghua. Mwaka 1983 taifa nalo lilitoa kiwango rasmi cha mzinga wa fremu kumi kwa ajili ya nyuki mwenyeji, chenye vipimo tofauti na vya mzinga wa nyuki wa Ulaya. Wafugaji wengi wa China wanaendelea kumweka nyuki mwenyeji kwenye masanduku ya Langstroth, kwa sababu ni rahisi na yanapatikana kila mahali, na wenye ujuzi wanafanikiwa nayo. Lakini wao wanajua kwamba sanduku hilo lilipimwa kwa nyuki mwingine, na wanajua pa kurekebisha. Mfugaji anayeanza bado hana ujuzi huo.

Nyuki tulionao

Nyuki wetu wa asali ni Apis mellifera, jina moja na yule wa Ulaya, lakini ukoo wake umekulia hapa. Bara wametawala scutellata, pwani wako litorea, na kwenye milima mirefu wako monticola. Scutellata ni mdogo kuliko ndugu yake wa Ulaya, na vyumba anavyojenga ndani ya sega vina upana wa karibu milimita 4.8 hadi 4.9, wakati karatasi za nta zinazochapwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya huwa na vyumba vya takriban milimita 5.4. Masega yake nayo hukaa karibu milimita 32 kutoka moja hadi jingine. Kwa vipimo, nyuki wa Tabora anafanana na nyuki wa Conghua kuliko anavyofanana na nyuki wa Italia.

Kwa tabia pia. Nyuki wetu ni mwepesi kugawanyika, mwepesi kuhama, na mkali anapolinda kiota. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika akitafuta uzao utakaostahimili joto. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, na vizazi vyake vikaenea hadi Marekani, vikiogopwa kwa ukali na kusifiwa kwa bidii ya kazi. Hilo lipime kwenye uchaguzi wa mzinga: mzinga unaomlazimu mfugaji kuufungua wote ili kuona jambo dogo, unaamsha kundi lote kila anapougusa. Nyuki mpole wa Ulaya huvumilia hayo. Wa kwetu atamfukuza mfugaji, kisha huenda akahama mwenyewe.

Ustahimilivu wao ni neema. Wadudu wa varoa, waliowatesa wafugaji wa Ulaya na Marekani na kuwalazimisha kutumia dawa mwaka hadi mwaka, wamekwisha kuonekana Kenya na Tanzania, lakini nyuki wetu kwa sehemu kubwa wanaishi nao bila tiba. Kwa hiyo sifa za mizinga ya ng'ambo zilizobuniwa kurahisisha kupima na kutibu varoa hazina thamani kubwa kwa anayeanza huku.

Mzinga wa gogo na wa magome

Warina asali wa ukanda wa miombo, Tabora, Katavi na Kigoma, na Wakamba wa Kitui na Makueni, wamerina vizazi kwa vizazi kwa mizinga ya magogo. Nyuki wanaupenda mzinga huo: ukuta wake mnene hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku, una harufu ya mti, na ukitundikwa juu unakuwa mbali na siafu na nyegere. Mtu mwenye shoka na ujuzi hahitaji mtaji mwingine.

Udhaifu wake uko kwenye kurina. Masega yameshikamana na ukuta, hivyo asali, chavua na majana, yaani watoto wa nyuki, hutoka pamoja. Mrinaji asiye makini huua majana, pengine na malkia, na kundi linabaki kuanza upya au kuhama. Kazi hufanyika usiku, juu ya mti na kwa moto, na moto huo umeteketeza misitu mingi. Uangalifu hupunguza hasara: ukirina upande mmoja tu na kuacha wenye majana, mzinga wa gogo huzaa kwa miaka mingi.

Mzinga wa magome ni jambo jingine. Gome linapovuliwa kuuzunguka mti mzima, mti hufa, na mara nyingi ni mti uleule unaowapa nyuki maua. Huo usianzwe na mtu yeyote mpya.

Mzinga wa viunzi vya juu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa ushirikiano wa Kenya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, ulitengeneza mzinga ambao Kenya unajulikana kwa herufi KTBH. Ni sanduku refu lililolala, kuta zake zikiinama kwa ndani kuelekea chini. Juu yake hupangwa viunzi, yaani vipande vya mbao vilivyobanana bila nafasi, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kiunzi. Tanzania kuna ndugu yake mwenye kuta zilizosimama wima, ambaye fundi wa kijijini humtengeneza kwa urahisi zaidi. Mteremko wa kuta za ule wa Kenya una kazi yake: hupunguza tabia ya nyuki ya kugundisha sega ukutani.

Uzuri wa mzinga huu kwa nyuki wetu uko kwenye viunzi. Unainua viwili au vitatu, sehemu nyingine yote inabaki imefunikwa, na kundi halijui kwamba nyumba imefunguliwa. Asali kwa kawaida huwekwa mbali na mlango na majana karibu nao, hivyo mrinaji anaanza upande wa mbali na kusimama anapokuta majana. Hakuna kuinua sanduku zito, na mzinga unaning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno. Jambo hilo limewafungulia wanawake kazi ambayo kwa desturi za jamii nyingi ilikuwa ya wanaume kwa sababu ya kupanda miti.

Kipimo kimoja hakina msamaha: upana wa kiunzi uwe milimita 32 kwa nyuki wetu wa bara. Fundi akikata 35 au 40 ili kuokoa muda, nyuki watajenga masega ya kupinda yanayounganisha viunzi viwili au vitatu, na mzinga utakuwa gogo la mraba. Urefu nao uwe sentimita 48, sawa na mbao ya juu ya fremu ya Langstroth, ili siku ukitaka kubadili vifaa uweze kuhamisha sega pamoja na nyuki wake. Chini ya kila kiunzi pakwa mstari mwembamba wa nta katikati, uwaoneshe nyuki pa kuanzia.

Gharama yake ni sega. Kila unaporina unakata sega na kulikamua, kwa hiyo nyuki wanajenga jipya, na inakadiriwa kwamba hutumia kati ya kilo 6 na 8 za asali kutoa kilo moja ya nta. Sega jipya lililojaa ni laini na halina waya, hivyo ukiligeuza vibaya kwenye jua la saa saba linakatika. Lakini nta unayoipata ni bidhaa, na Tanzania imekuwa ikiiuza nje tangu enzi za ukoloni.

Mzinga wa Langstroth

Mwaka 1851 mchungaji Lorenzo Langstroth, huko Philadelphia, alitambua jinsi ya kutumia nafasi ambayo nyuki huiacha wazi kama njia: chini ya takriban milimita 6 huiziba kwa gundi, zaidi ya 9 au 10 hujenga sega. Akiwa na kipimo hicho akatengeneza fremu zinazoning'inia bila kugusa kuta, akapata hataza mwaka 1852, na ufugaji wa dunia ukabadilika. Fremu hutolewa, kofia za nta hukatwa, asali hutolewa kwa mashine ya kuzungusha, na sega zima hurudi kwa nyuki. Kwenye maua mengi yanayokuja kwa pamoja hakuna mzinga unaoushinda, kwa sababu nyuki hawapotezi muda kujenga upya.

Masharti yake ni mengi. Lazima uwe na mashine ya kukamulia au mtu wa kukuazima. Lazima fundi akate kwa usahihi wa milimita, maana kosa dogo hugundisha fremu ukutani. Karatasi za nta za kuanzishia zinahitajika, na zikiwa za nyuki wa Ulaya vyumba vyake ni vipana kuliko wanavyojenga nyuki wetu. Kila ukaguzi huondoa kifuniko chote na kuwaacha nyuki wa fremu kumi juani, na sanduku la juu lililojaa asali ni mzigo wa mtu mwenye nguvu. Nimeona vikundi vilivyopewa mizinga hii mizuri bila mashine, bila mavazi na bila mafunzo ya kutosha. Wanachama waliishia kukata masega ndani ya fremu kwa kisu: wamelipia mzinga wa fremu, wakavuna kama wa viunzi. Kosa halikuwa la Langstroth wala la wanakikundi. Sanduku lilifika likiwa limeacha vifaa vyake nyuma.

Nyuki wasiouma

Anayeishi mjini, au mwenye watoto na majirani karibu, asiwasahau nyuki wadogo wasiouma. Wanafugwa kwenye visanduku vidogo ukutani au chini ya upenu. Asali yao ni kidogo sana, ila hutafutwa kama dawa na bei yake huwa juu. Hawatamjengea mtu biashara kubwa haraka, lakini watamfunza subira na usafi bila kumpeleka hospitali.

Maswali yanayoamua

Aina za mizinga zikishajulikana, uchaguzi unategemea majibu ya kweli kwa maswali manne.

La kwanza ni soko. Anayeuza asali iliyochujwa kwa chupa, kwa duka linalotaka rangi na ladha ileile, atafaidika na fremu na mashine. Anayeuza asali ya sega, au anayemlenga mnunuzi wa nta, atafaidika zaidi na viunzi. Msimu mfupi wa maua mengi hulipa fremu; maua machache ya mwaka mzima hayalipi tofauti ya bei.

La pili ni fundi. Mzinga bora ni ule utakaotengenezwa kwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi bila wewe kusubiri meli. Kama fundi wa kijijini ana msumeno wa mkono tu, anaweza kukata viunzi vya milimita 32 kwa kutumia kipimo cha mbao ulichomwachia. Fremu za Langstroth zinahitaji karakana yenye mashine.

La tatu ni mikono. Nani atakagua, nani atabeba, nani atarina usiku? Mjane mwenye mizinga mitano na kikundi cha vijana 20 hawahitaji mzinga wa aina moja.

La nne ni mahali. Penye nyegere, ning'iniza. Penye siafu, miguu ya chanja isimame kwenye oili chafu au ipakwe grisi. Penye jua kali, kivuli ni muhimu kuliko aina ya mzinga, kwa maana sega jipya huyeyuka na kudondoka mzinga ukichemka. Karibu na nyumba, njia na zizi, mzinga wowote wa nyuki wanaouma ni kosa.

Cha kununua Guangzhou na cha kuacha

Turudi kwa ndugu aliye Guangzhou na pesa ya maagizo mkononi. Mizigo ya kushirikiana kontena hulipiwa kwa ujazo, yaani kwa mita za ujazo (CBM), na mzinga mtupu uliounganishwa ni hewa iliyozungukwa na mbao. Nauli inaweza kumeza unafuu wote wa bei ya kiwandani. Mizinga mingi ya China hutengenezwa kwa mbao nyepesi za msonobari wa Kichina, ambazo kwenye mchwa wetu zinahitaji ulinzi tangu siku ya kwanza. Na vipimo ni vya nyuki wa Kiitaliano, isipokuwa umeagiza vya nyuki mwenyeji kwa kujua unachofanya.

Vya kuleta ni vile ambavyo fundi wetu havimudu kirahisi: mashine ya kukamulia ya chuma kisichoshika kutu, mabomba ya moshi, mavazi yenye wavu, glavu, patasi za mzinga na machujio. Mashine ipimwe iingize fremu mnazotumia nyumbani. Karatasi za nta ziulizwe ukubwa wa chumba kabla ya bei. Na mizinga iliyokwisha kutumika, pamoja na nta isiyojulikana ilikotoka, isivuke bahari kabisa: mbegu za ugonjwa wa kuoza kwa majana huishi miongo kadhaa ndani ya mbao na nta kuukuu. Wafugaji wa Guangdong wanajua maana ya ugonjwa kuingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 virusi vya majana viliangamiza makundi mengi ya nyuki wao wenyeji.

Pa kuanzia

Kwa mfugaji wa kawaida wa Afrika Mashariki, asiye na mashine, mwenye fundi wa jirani na nyuki wa mwituni wanaotafuta makao, pendekezo langu ni mzinga wa viunzi vya juu. Aanze na miwili au mitatu ili alinganishe; mmoja pekee ukihamwa hautamweleza kama kosa ni la mahali, la msimu au la mikono yake. Aiweke kabla ya msimu wa makundi kuhama, aipake nta ndani, aipe kivuli, na awe na subira. Mwenye magogo ya urithi asiyatupe: yaendelee kukamata makundi na kulisha familia wakati anajifunza. Langstroth ije pale kikundi kitakapokuwa na mashine, soko la chupa na mtu aliyefunzwa, pengine Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora au Chuo cha Kilimo Baraka kule Molo, anayeweza kuketi na fundi na kurekebisha nafasi za fremu kwa nyuki wetu.

Afrika Mashariki haijakosa misitu, nyuki wala mafundi wa mbao. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo sahihi mikononi mwa fundi na mafunzo mikononi mwa mfugaji, na vyote viwili vinagharimu kidogo kuliko kontena moja la masanduku. Kikundi chenye bajeti ya mizinga kumi kinunue sita, na fedha ya minne iliyobaki iende kwenye mafunzo, mavazi na ndoo safi. Mizinga sita yenye nyuki na mfugaji anayewaelewa itazaa ya saba kutoka kwenye asali yake yenyewe.